Aliyesimama Bila Tarumbeta

Kati ya watu sitini au zaidi wanaopanda jukwaani okestra ya ala za kupuliza inapofanya tamasha, mmoja tu hawezi kukosea nota, kwa kuwa hana nota ya kupiga. Huyo ndiye anayeinama watu wakipiga makofi, na jina lake ndilo lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango. Mpiga tuba aliyehema kule nyuma jioni nzima hajulikani hata kwa mwenye ukumbi. Nimesomea shahada ya uzamili ili niwe huyo asiyekosea, na tangu nimalize nimeulizwa swali moja kwa sura nyingi, na watu wa kwetu Usambara na watu wa Ulaya, wengine kwa upole, wengine kwa kejeli: asiyetoa sauti ana haki gani juu ya sauti?

Naweza kulijibu kifundi. Kiongozi huchagua mwendo, hupunguza honi ili klarineti zisikike, hunasa kosa la fagoti ya pili katikati ya kishindo cha shaba. Hayo yote ni kweli na yanachukua miaka kujifunza. Lakini anayeuliza hataki hayo. Anataka kujua kama mtu anaweza kusema "nimefanya" juu ya jambo ambalo mikono ya wengine, midomo ya wengine na mapafu ya wengine ndiyo yaliyolifanya. Na mimi swali hilo nilikuwa nalo kabla sijashika kijiti, isipokuwa nilikuwa naliuliza kutoka upande wa pili.

Mtoto wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, hapati kipaimara bila kukariri Katekisimo Ndogo ya Martin Luther pamoja na maelezo yake. Katika maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani, ile ya Roho Mtakatifu, mtoto hukiri kwamba kwa akili zake na nguvu zake hawezi kumwamini Kristo. Ameamini kwa kuwa ameitwa. Niliyasema hayo mbele ya usharika nikiwa na gauni jeupe la kuazima, sikukwama hata neno moja, na papo hapo nikawaza: kama kuamini kwangu hakutokani na nguvu zangu, basi hapa anayeamini ni nani? Mwinjilisti aliyetufundisha hakuwa mtu wa kuulizwa maswali ya namna hiyo. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba wakubwa nao waligombana juu ya swali hilo. Mwaka 1524 Erasmus wa Rotterdam aliandika kuutetea uhuru wa utashi wa mtu. Mwaka uliofuata Luther alimjibu kwa kitabu kirefu na kikali, akaufananisha utashi na mnyama wa mzigo: akipandwa na Mungu huenda atakako Mungu, akipandwa na Shetani huenda atakako Shetani, wala hachagui nani ampande. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa na sina mpango wa kuhama, lakini mnyama yule hajawahi kunikaa sawa. Mnyama wa mzigo hapulizi tarumbeta.

Matarumbeta yenyewe, yale ya kanisani, yalikuja kwetu na Wajerumani. Wamisionari waliofika Mlalo, huko kwetu Usambara, mwaka 1891 walikuwa wa shirika ambalo mwaka 1906 lilihamishia makao yake Bethel, kando ya mji wa Bielefeld, na Bethel ndiko alikokuwa mchungaji Johannes Kuhlo, mtu aliyevieneza vikundi vya matarumbeta vya kanisa Ujerumani nzima mpaka akapachikwa cheo cha jenerali. (Uzeeni aliushangilia utawala wa Hitler. Hilo hatukusimuliwa, na nilipolisoma nilikaa na kitabu mapajani muda mrefu.) Kuhlo, na baba yake kabla yake, walitaka matarumbeta yasome nota zile zile za waimbaji, basi wakaachana na desturi ya jeshi ya kuiandikia kila ala kwa ufunguo wake. Ndiyo maana marehemu baba, aliyekuwa na korneti ya B-flati, alipoiona C ya kati kitabuni alibonyeza pistoni ya kwanza na ya tatu, ilhali mpiga korneti wa bendi ya polisi akiiona C hiyo hiyo habonyezi kitu. Kwa baba na wenzake matarumbeta yalikuwa kwaya iliyopewa shaba: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, basi. Na katika kwaya hiyo hakuna aliyesimama mbele mikono mitupu. Kiongozi alipiga sauti ya kwanza. Wakati wa kuanza aliinua korneti kidogo, akavuta pumzi iliyosikika mpaka kwa mpiga ngoma, wote wakaingia. Nimeona wakizika hivyo kwenye miteremko ambako hawawezi kusimama watu wanne mstari mmoja, ukungu umefunika migomba, na hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake.

Nilikwenda kusoma Limburg, kusini kabisa mwa Uholanzi. Huko karibu kila kijiji kina bendi, na vingine vina mbili ambazo hazisalimiani. Wana bendi zenye klarineti na filimbi, wana nyingine zisizo na klarineti hata moja ila saksafoni na shaba, wana pia zile za shaba tupu za mtindo wa Kiingereza, na tangu mwaka 1951 mji mdogo wa Kerkrade huandaa mashindano yanayokusanya bendi za dunia nzima. Mwanafunzi wa uzamili hupewa bendi ya kijiji aifanyie mazoezi. Watu wake hawakulipi na wala huwalipi; wakichoka nawe hawaji. Ni shule nzuri kuliko darasa.

Jambo lililonifungua macho lilitokea darasani hata hivyo, na halikunitokea mimi. Mwenzetu mmoja kutoka Valencia, kijana aliyezaliwa ndani ya bendi, alipanda jukwaani akatoa pigo la kuandaa zuri kupita yote niliyowahi kuona: mkono ulipanda kama unaopandisha bendera, ukashuka mahali pake. Sauti iliyotoka ilikuwa ngumu, imetawanyika, kila mtu kivyake. Akarudia. Vile vile. Mwalimu hakugusa habari ya mkono. Alimwuliza alikuwa ameifanya nini pumzi yake mwenyewe. Kijana alikuwa ameibana. Wapigaji arobaini waliokuwa wakimtazama walikuwa wameibana pia bila kujua, kisha wakalazimika kupuliza kwa koo lililofungwa. Aliporudia akiwa anavuta pumzi pamoja nao, mkono ukiwa umelegea na hauna uzuri wowote, sauti ilikuja pana na pamoja.

Mpiga fidla anaweza kubana pumzi akapiga. Upinde wake hautegemei mapafu. Mpulizaji hawezi. Sauti yake huanza kabla ya sauti, katika muda mfupi ambao amefungua kifua na hatoi chochote, kwa kuwa hakuna anayeweza kuvuta na kupuliza kwa wakati mmoja. (Wapo wanaohifadhi hewa mashavuni wakapuliza huku wakivuta kwa pua. Ni ufundi wa mtu mmoja mmoja, bendi haiendeshwi hivyo.) Sasa angalia kiongozi yuko wapi katika jambo hili. Katika muziki wote, muda ule wa kuvuta pumzi ndio pekee ambapo yeye na wapigaji wanafanya kazi moja. Kabla yake wapo kimya kila mtu na yake, baada yake wao wanapiga na yeye anapunga. Pale kati tu ndipo anapokuwa mmoja wao.

Je, pumzi yangu inamlazimisha mpiga obo kuvuta yake? Hapana. Anaweza kunitazama tu. Nimewahi kutazamwa hivyo. Je, basi ninampa ruhusa tu, naye aamue? Hapana vilevile. Kaa kwenye kiti cha klarineti ya tatu, watu sitini wavute pumzi mara moja mbele yako na kando yako, ujaribu kutovuta. Kifua chako kitafunguka kabla hujaamua, na ukiulizwa baadaye nani amevuta pumzi ile utasema ni wewe, na utakuwa unasema kweli. Kati ya kusukumwa na kuachiwa kuna kitu cha tatu, na kitu hicho sikukiona katika kitabu cha Erasmus wala katika kitabu cha Luther, ingawa Katekisimo, iliyoandikwa na Luther huyo huyo kwa ajili ya watoto, inakitaja bila kukieleza. Inasema nimeitwa.

Mtu aliyesoma atanikatiza hapa kwa jina la Elias Canetti. Katika kitabu chake kikubwa juu ya umati na mamlaka, kilichotoka mwaka 1960, Canetti ana kurasa chache juu ya kiongozi wa okestra, na kwake hakuna picha iliyo wazi zaidi ya mtawala: amesimama wengine wamekaa, ameinuliwa juu yao, ana uwezo wa kuihuisha sauti na kuiua, na wakati wa tamasha yeye ndiye mtawala wa ulimwengu. Ni kurasa kali, na nimefahamu viongozi waliostahili kila neno. Lakini nadhani Canetti alikaa kwenye viti vya hadhira akamtazama mtu mgongoni. Laiti angemwona Hector Berlioz mwaka 1840, tarehe 28 Julai, katika mitaa ya Paris, akiongoza bendi ya watu wapatao mia mbili kwa upanga huku akitembea kinyumenyume, na muziki wake wa maombolezo umemezwa na umati. Au angekuja Limburg jioni ya mazoezi, mvua inanyesha, saksafoni mbili hazijafika na mwenye ufunguo wa stoo ya ngoma yuko harusini.

Katika bendi ile nilikuwa na mpiga tuba ambaye ujanani alifanya kazi chini ya ardhi. Limburg ilikuwa nchi ya makaa ya mawe mpaka mgodi wa mwisho ulipofungwa mwishoni mwa 1974, na migodi ilikuwa na bendi zake. Mzee yule alitoka mgodini na vitu viwili, tuba na vumbi kifuani. Tulikuwa tukijiandaa kupiga Suite ya kwanza ya Gustav Holst, ile ya mwaka 1909, ambayo huanza na tuba na yufoniamu peke yao: mizani minane, wimbo mmoja, hakuna pa kujificha. Mizani minane kwa mtu mzima mwenye afya si kitu. Kwake ilikuwa mlima. Akifika wa nne unamsikia anatafuta.

Kitabuni Holst ameuchora wimbo ule kama mstari mmoja, na mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba mstari hauvunjwi. Ikabidi nijifunze mapafu ya watu. Mpiga filimbi na mpiga tuba humaliza hewa upesi kuliko wote. Mpiga obo ana shida iliyo kinyume: tundu la mwanzi wake ni dogo mno hata hewa haiishi, na mara nyingi anachohitaji kwanza si kuvuta, ni kuitoa ile iliyochakaa ndani. Mmoja anaumia kwa upungufu, mwingine kwa wingi, nao wameketi hatua chache mmoja kutoka kwa mwenzake wakisoma mstari ule ule. Kwa wimbo wa Holst tulifanya linalofanywa na bendi zote: mzee avute pumzi popote anapotaka, mwenzake wa tuba asivute hapo, na yufoniamu asivute walipovuta wao. Usiku wa tamasha hadhira ilisikia mstari mmoja wa mizani minane. Katika wale waliokuwa wanapiga, hakuna hata mmoja aliyeupiga mzima.

Jambo hili lilinigusa mahali ambapo muziki haukuwa umefika. Kuna kipindi, mama alipokuwa mgonjwa, sikuweza kuomba. Sikuwa nimekasirika wala sikuwa na hoja, maneno hayakuwapo. Nilikwenda kanisani nikasimama watu wakisema Imani, kinywa kimefungwa, nikijiona mwongo kwa kuwa pale tu. Sasa nasikia vingine. Kanisa linakiri kuwapo kwa ushirika wa watakatifu, na nilikuwa nikiudhania kuwa ni watu wema wanaofahamiana mbinguni. Inawezekana una maana ya chini zaidi: kwamba imani ya usharika ni mstari ambao hakuna mmoja wetu anayeupiga mzima, na aliyenyamaza mzani wa nne anavuta pumzi. Nasema inawezekana. Yapo pia makanisa ambayo wote walinyamaza mahali pamoja.

Mjomba wangu ni Mwislamu, kama ilivyo kwa nusu ya ukoo wetu, na nilipomsimulia habari za pumzi hakushangaa. Alinieleza kanuni za kumfuata imamu. Maamuma hamtangulii imamu, si kwa kurukuu, si kwa kusujudu. Hungoja, kisha hufuata. Imamu akisahau, wanaume walio nyuma husema "Subhanallah" na wanawake hupiga kofi, naye hujirekebisha. Udhu ukimtoka katikati ya sala, aondoke, aliye nyuma yake asogee mbele, na sala iendelee. "Sala si ya imamu," alisema mjomba. Kisha akanipa kitu ambacho sikukitegemea: "Lakini imamu anasali, mwanangu. Hakusimama pale kuwasalisha watu huku yeye mwenyewe hasali. Na ameelekea kule wanakoelekea wao. Wewe umewageukia."

Nimelifikiria hilo kuliko hoja zote za chuoni. Kiongozi wa matarumbeta wa Mlalo ni kama imamu wa mjomba: anapiga, na ameelekea kaburini pamoja na wengine. Mimi nimewageukia wapigaji na kuwapa mgongo wengine wote. Luther mwenyewe, alipoandika utaratibu wake wa ibada ya Kijerumani mwaka 1526, alipenda mchungaji awaelekee watu, kama Kristo bila shaka alivyowaelekea wanafunzi mezani. Basi huenda kuna utetezi hapo. Lakini jibu langu kwa mjomba ni jingine, na nililipata kwa Percy Grainger.

Grainger, Mwaustralia, alizunguka mkoa wa Lincolnshire huko Uingereza kuanzia 1905 akikusanya nyimbo za wazee wa vijijini, na baadaye alitumia mashine ya kunasa sauti. Mwaka 1937 alitoa Lincolnshire Posy, kazi ya sehemu sita kwa bendi ya ala za kupuliza. Ilipopigwa mara ya kwanza mjini Milwaukee, wapigaji waliweza sehemu tatu tu. Sehemu ya tano, "Lord Melbourne", ndiyo inayowatoa jasho viongozi. Kuna mahali hakuna mizani ya kuhesabu. Nota zimeandikwa, urefu wa kila pigo umeachwa mkononi mwa kiongozi, na bendi nzima haiwezi kusogea hata nota moja mpaka mkono usogee. Hapo Canetti angesema: unaona? Na mwanafunzi akisimama pale mara ya kwanza hulewa kweli. Anaweza kuikawiza dunia.

Kwa nini Grainger aliandika hivyo? Kwa sababu mzee aliyemwimbia wimbo ule, George Wray, hakuimba kwa mizani. Alirefusha alipotaka na kukata alipotaka, na Grainger alikataa kumnyoosha kama walivyonyoosha wengine waliokusanya nyimbo. Ule uhuru wa mkono wangu, basi, ni utii kwa pumzi ya mzee aliyekwisha kufa. Nimewageukia wapigaji, ndiyo, lakini nyuma yao kuna mtu ninayemfuata, na nikijifanyia ninavyopenda wimbo unaharibika mara moja; unakuwa maringo. Aliyeita ameitwa. Nilimpigia mjomba simu nikamwambia. Alisema afadhali, ila bado anaona ni vizuri niwe ninapiga.

Mpaka hapo nilikuwa nimeridhika na hoja yangu, nikaiandika, nikampelekea Mchungaji wetu aisome. Alinirudishia karatasi zikiwa na mistari ya penseli. "Mwalimu," alisema, "unamfanya Mungu abembeleze." Nikamtajia Ufunuo sura ya tatu, yule asimamaye mlangoni akibisha. Alikuwa ananingoja hapo. "Barua ile aliandikiwa nani? Kanisa la Laodikia. Watu waliokwisha kubatizwa. Wana nyumba, wana mlango. Bendi yako ina watu waliokwisha kukaa, ala mkononi, mapafu yanafanya kazi. Unawaita watu walio hai. Luther anazungumza juu ya maiti."

Nilijua mara moja anazungumzia nini, tena vizuri kuliko alivyojua mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimeketi pembeni ya jukwaa, msaidizi wa kiongozi, katika mazoezi ya kazi iliyoandikwa kwa ajili ya maiti. Olivier Messiaen aliitunga mwaka 1964 baada ya André Malraux, waziri wa utamaduni wa Ufaransa, kumwomba muziki wa kuwakumbuka waliokufa katika vita vikuu viwili. Aliipa jina la Kilatini kutoka katika Imani ya Nikea: kutazamia ufufuo wa wafu. Ilipigwa kwanza katika kanisa la Sainte-Chapelle, Paris, Mei 1965, na mwezi uliofuata katika kanisa kuu la Chartres mbele ya Rais de Gaulle. Hakuna fidla hata moja. Kuna ala za mbao, kuna shaba, na kuna ala za chuma za kugonga: kengele, patu, na vyuma vikubwa bapa ambavyo mlio wake huanza kama uvumi na kuishia kama jengo linaloanguka. Na kati ya sehemu na sehemu Messiaen ametaka kimya kirefu. Kiongozi husimama mikono imeshuka, wapigaji wameshusha ala, na hakuna wa kuhesabiwa. Viongozi wengi hukifupisha. Nadhani wanaogopa kuonekana hawana kazi.

Sehemu ya tatu imesimama juu ya Yohana 5:25, ile saa ambayo wafu wataisikia sauti. Soma mstari ule kama kiongozi wa bendi uone ugumu wake. Wito wangu wote unategemea kwamba anayeitwa anaweza kusikia kabla sijamwita. Maiti hasikii. Hana kifua cha kufungua, hana cha kunipa wala cha kuninyima. Akisikia, basi kusikia kwenyewe kumeletwa na sauti iliyomwita, na hapo pumzi yangu ya kuandaa haina msaada, hakuna anayeandaliwa. Mchungaji yuko sahihi. Picha yangu inamfaa aliye hai, na kwa aliye hai naishikilia dhidi ya mnyama wa mzigo. Kwa aliyekufa, Luther ameona mbali kuliko mimi, na ukali wa kitabu chake, ambao zamani niliudhania kuwa hasira ya mtu mgomvi, huenda ni wa mtu aliyekataa kumwambia maiti ajitahidi.

Kosa kubwa la wenye taaluma yangu ni kudhani kwamba katika picha hii sisi tunakaa mahali pa Mungu. Hata wanaomchukia kiongozi, kama Canetti, wanampa kiti hicho hicho. Nikitafuta mahali petu katika Maandiko naona bonde la Ezekieli, sura ya 37. Nabii anaambiwa aseme na mifupa, nayo inasikia, inasogeleana, inavaa mishipa na nyama na ngozi, na bado haina pumzi. Kisha anaambiwa aseme na upepo wenyewe, uje kutoka pande nne. Anasema, unakuja. Yeye hakuutengeneza upepo, hakuiunda mifupa, na katika lile bonde lote hakuna kilichofanyika kabla hajafungua kinywa.

Mchungaji anasema kwamba hata hapo Luther anashinda, kwa kuwa mifupa ilisikia ikiwa haina masikio. Namwachia. Mimi ninaloliona ni la mwanzo kabisa wa sura. Ezekieli aliulizwa kama mifupa ile inaweza kuishi, hakujibu ndiyo wala hapana. Alilirudisha swali kwa aliyemwuliza, kisha akafanya alichoagizwa. Siku za Ijumaa, hapa usharikani, tuna mazoezi ya matarumbeta ya Pasaka, watoto wapya saba na korneti nne, mbili zinavuja. Nimewaambia nitasimama mbele mpaka wajue kuingia pamoja, baada ya hapo nakaa. Sauti ya pili haina mtu.